Usimwekee bibi nyimbo peke yake

Swali: "Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Shela, Malindi. Bibi yangu mzaa mama ameomba tumwekee picha ya Kihindi, Mughal-e-Azam, usiku mmoja baada ya harusi ya mdogo wangu, jamaa wakiwa bado hawajatawanyika. Vijana wamegoma. Wanasema picha ni ya 1960, inapita saa tatu, wanaume wanapiga kelele tu, na ile ya rangi waliyoifungua kwenye simu wameiona kama imepakwa poda. Je, picha hii bado ina uzito wake, au tunamridhisha bibi tu? Na nikiwawekea nyimbo peke yake, nitakuwa nimeharibu?"

Waalaykum salaam mwanangu, na hongereni kwa harusi. Nianze na swali lako la mwisho, maana ukilijua hilo mengine yatajileta. Usiwawekee nyimbo peke yake. Nimekaa na vijana wanaoijua "Pyar Kiya To Darna Kya" kwa vipande vya simu, hata kiitikio wanakiimba, lakini ukiwauliza yule binti anamwimbia nani, na kwa nini mfalme amekunja uso, hawana jibu. Wanachokiona ni mwanamke mzuri anayecheza katika chumba cha vioo. Ukikatwa hivyo, wimbo unabaki pambo. Ndani ya picha yenyewe ni ushahidi, na anayeutoa ni mtu asiye na haki ya kufungua kinywa mbele ya kiti cha enzi.

Mara ya kwanza niliiona hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, ukumbini kwa shangazi yangu, chini ya zidaka, kwa mkanda wa video uliokuwa umenakiliwa mara nyingi hata nyuso zikawa kama zimo ndani ya tui. Maandishi ya tafsiri hayakuwapo. Juu ya hivyo kina mama walilia mahali pa kulia na kunyamaza mahali pa kunyamaza, nami nikadhani ni mazoea, wameiona mara nyingi. Nilipokuja kuisoma sinema kwa utaratibu ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wakisikia zaidi ya nilivyowadhania. Kiurdu, lugha ya picha hii, kimechota Uarabuni na Uajemi, na Kiswahili vilevile: mohabbat kwetu ni mahaba, duniya ni dunia, qismat ni kismati, taqdir ni takdiri, insaf ni insafu. Tena mahadhi ya picha za Kihindi yalikwisha kuingia majumbani mwetu kwa mlango wa taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana pwani nzima kwa kuyavisha mahadhi ya Kihindi mashairi ya Kiswahili. Bibi yako na rika lake hawakuipokea picha hii kama kitu cha ugenini, na sidhani ni haki kuwahesabia machozi yao kuwa ni ukumbusho wa ujana tu.

Sasa hayo makelele. Vijana wamesikia sawasawa: Prithviraj Kapoor, anayekuwa mfalme Akbar, hasemi, anatamka. Alikuwa mtu wa jukwaani, mwenye kundi lake la michezo ya kuigiza tangu 1944, na sauti yake imejengwa imfikie aliyekaa safu ya nyuma kabisa. Maneno yenyewe yaliandikwa na watu wanne, na hakuna hata sentensi moja ambayo mtu angeisema akiomba chumvi. Ukiipima kwa kipimo cha tamthilia za leo, ambamo watu hunong'ona na kukatishana, itaonekana imechacha. Lakini wewe umekulia pwani. Umekaa ukasikiliza utenzi ukisomwa kwa sauti, na hukulalamika kwamba watu hawazungumzi kwa vina. Waambie vijana wausikilize mvutano wa Akbar na mwanawe kwa masikio hayo, wasikilize jinsi sentensi inavyopanda na mahali inapotua. Mimi naamini nusu ya uchovu wao itaondoka. Nusu nyingine itabaki, nami siwalaumu, kwa sababu zipo dakika ambazo hata mimi huzipitisha haraka; nitazitaja.

Kisa ni chepesi kukisimulia. Mwana wa mfalme, Salim, ambaye ni Dilip Kumar, anampenda Nadira, kijakazi mcheza ngoma wa jumba la kifalme. Mfalme mwenyewe ndiye aliyempa Nadira jina la Anarkali, yaani ua la mkomamanga, siku aliposimama kama sanamu na mshale wa Salim ukalifungua pazia lililomfunika. Wahakiki wengi huandika kwamba picha inahusu mapenzi na wajibu. Hapa Amu tunalo neno fupi zaidi na kali zaidi: kufu, yaani kulingana kwa hadhi na nasaba. Neno hilo limevunja posa katika nyumba ninazozijua, na mtu aliyewahi kukaa barazani akasikia ukoo wa mposaji ukichambuliwa hahitaji kuelezwa kwa nini Akbar, mwenye ufalme mzima, anamwogopa msichana mmoja.

Na kuna neno la pili, kijakazi, ambalo kwetu si la hadithini. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Wako wazee waliolelewa na watu walioyaona mambo hayo kwa macho yao. Ndiyo maana hapa ndipo picha inaponikwaza kuliko pengine popote. Inataka tulie kwa sababu kijakazi mmoja hawezi kuwa malkia, lakini haiulizi hata mara moja kwa nini kuna vijakazi. Salim anapambana na baba yake kwa ajili ya Anarkali, na nyuma yake wasichana wengine wanapita na sinia mkononi, kamera haiwageukii. Mwaka 1960 pengine watizamaji wengi hawakuliona. Leo linaonekana, na ukikaa na vijana ningependa ulitaje wewe kabla hawajalitaja wao.

Lakini tazama kinachotokea kijakazi huyo anapopewa nafasi ya kuimba.

Kuna usiku wa qawwali, nyimbo za kujibizana, mashindano ya wanawake wawili mbele ya Salim. Upande mmoja Bahar, aliyeigizwa na Nigar Sultana na kuimbiwa na Shamshad Begum, mwanamke mwenye tamaa ya taji. Upande wa pili Anarkali, aliyeigizwa na Madhubala na kuimbiwa na Lata Mangeshkar. Wimbo unaanza kwa "teri mehfil mein", katika mahafali yako, na huko unawaona wanawake wawili wakitupiana beti kuhusu mapenzi yanavyomfanya mtu. Sauti zenyewe zimechaguliwa kwa akili: ya Shamshad ni pana, ina kifua na kejeli, na ya Lata ni nyembamba, inapita katikati kama uzi wa sindano. Salim anaamua. Bahar anapewa ua, Anarkali anapewa miiba. Naye anaipokea kwa furaha, anasema miiba haina hofu ya kunyauka.

Mtizamaji wa ugenini huona kwamba kisa kimesimama ili watu waimbe. Mwanamke wa pwani anajua hakikusimama hata kidogo. Amekwenda kwenye vugo, ngoma ya wanawake harusini, amesikia beti zikirushwa, na wote waliokaa mkekani wanajua linamlenga nani ingawa jina halikutajwa. Usiku ule wa miiba ndio uadui unapotangazwa, na Bahar ndiye atakayekuja kuichoma siri ya wapenzi kwa mfalme. Ukiuruka wimbo umeruka tangazo la vita. Sijui picha nyingi za nyimbo, za India au za Marekani, ambazo mashairi ya kujibizana yanabeba kisa kwa uzito huo, na kwa hili naiona Mughal-e-Azam haijazeeka kwa siku moja.

Kabla sijafika kwenye vioo, nikuombe jambo moja kuhusu tukio la unyoya. Ni usiku bustanini, Salim anamgusa Anarkali usoni kwa unyoya mweupe, na kwa mbali Tansen, mwimbaji wa jumba la Akbar, anaimba. Hakuna busu wala neno. Sauti ni ya Ustadh Bade Ghulam Ali Khan, bingwa wa muziki wa jadi ambaye hakuwa akitaka kuimbia sinema. Akataja bei aliyodhani itawafukuza, rupia 25,000 kwa wimbo mmoja, na K. Asif, mwongozaji, akakubali. Raga aliyoiimba, yaani mahadhi ya jadi ya Kihindi yenye wakati wake, ni Sohni, raga ya usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa hiyo mjuzi wa muziki ule akisikia tu anajua ni saa ngapi bustanini. Na wale wawili unaowaona wamezama katika mapenzi walikuwa wamekosana kabisa katika maisha yao. Walikuwa wapenzi kweli, baba wa Madhubala akapinga, mambo yakafika hadi mahakamani mwaka 1957 kwa ugomvi wa picha nyingine. Wakaimaliza kazi hii pasipo kusemezana. Vijana waliozoea kila kitu kuonyeshwa wazi huwa wananyamaza hapa, nimeliona zaidi ya mara moja. Usizungumze juu yake. Acha liwapitie.

Haya, vioo. Anarkali ametoka gerezani, na linalotarajiwa kwake ni kumkana Salim. Analetwa acheze mbele ya mfalme, mbele ya malkia, mbele ya mpenzi wake aliyevunjika moyo. Hadi hapo umekaa kwa zaidi ya saa moja na nusu ndani ya picha nyeusi na nyeupe. Ghafla inakuwa rangi. Ukumbi mzima umejengwa kwa vipande vya kioo cha rangi kilicholetwa kutoka Ubelgiji, kazi iliyochukua kama miaka miwili, na walipowasha taa kila kioo kikawarudishia mwanga machoni hata ikaonekana ukumbi ule hautapigika picha. R. D. Mathur, mpiga picha, ndiye aliyepata njia ya kuutawala mwanga uliokuwa ukiakisiwa, akaupiga.

Anaanza taratibu. Mwili wake unacheza Kathak, ngoma ya jadi ya India, miguu inahesabu, macho yameinama kama ya kijakazi yeyote. Kisha maneno: kupenda si kuiba, basi nijifiche kwa nini? Shakeel Badayuni ndiye aliyeyatunga, Naushad akayatia mahadhi, na inasimuliwa kwamba wimbo huu uliandikwa ukafutwa mara nyingi sana kabla ya kukubaliwa. Inastahili. Hakuna ubeti mmoja wa kujipamba. Kila ubeti unasogea hatua moja mbele kuelekea kiti cha mfalme, mpaka anafika mahali pa kusema kwamba kama mbele ya Mungu hakuna pazia, basi pazia mbele ya waja wake ni la nini. Hilo linasemwa na kijakazi, akiwa amemkodolea macho mfalme.

Kisha Akbar anainua macho. Katika kila kipande cha kioo darini yumo Anarkali, mdogo, anazunguka, mamia yake. Mfalme anaweza kuamuru mmoja akamatwe. Hao wengine wote hana mlinzi wa kuwakamata. Na sauti ya Lata hapo imepewa mwangwi, kana kwamba nayo inagonga vioo na kurudi. Miaka zaidi ya 60 imepita, tumekuja kuwa na kompyuta zinazoweza kuchora jeshi la watu milioni, na mimi sijaona picha iliyosema jambo hili kwa uwazi zaidi: kwamba neno likishaimbwa mbele ya watu, mwenye amri hawezi kulirudisha kinywani. Kina mama pale ukumbini kwa shangazi walikuwa wakisema "mwambie!" Sikujua kwamba kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kuambiwa.

Sasa zile dakika zangu za kupitisha. Baada ya vioo Salim anamwasi baba yake na kunatokea vita virefu, farasi, ndovu, mizinga, askari wa kweli waliotolewa na jeshi la India. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kutolewa pumzi. Leo linachosha, na ukipitisha dakika kadhaa hujapoteza kitu. Vivyo hivyo yule mchongaji sanamu anayehubiri ukweli kila anapotokea: maneno yake ni mazuri lakini anayarudia, ingawa sauti ya Mohammed Rafi inapomwimbia "Ae Mohabbat Zindabad" na umati ukaitikia nyuma yake, nakushauri uiache.

Historia nayo, wasiichukue shuleni. Salim, aliyekuja kutawala kwa jina la Jahangir, ni kweli alimwasi baba yake katika miaka ya mwisho ya Akbar, aliyefariki 1605. Anarkali hayumo katika kitabu cha historia ya utawala wa Akbar wala katika kumbukumbu alizoandika Jahangir mwenyewe. Kisa kilizungumzwa Lahore, ambako kuna kaburi linaloitwa kwa jina lake, na kikapata umbo tunalolijua katika mchezo wa kuigiza wa Imtiaz Ali Taj wa mwaka 1922. Picha haifichi kwamba inasimulia ngano. Inafunguka kwa sauti ya nchi yenyewe, Hindustan, ikizungumza kama mtu. Tena iliyokuwa inazungumza ilikuwa nchi iliyokatwa vipande 1947, mkato ambao ulimpeleka Pakistan mfadhili wa kwanza wa picha hii na kumwacha K. Asif aanze upya kwa fedha za Shapoorji Pallonji. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini anamweka mfalme Mwislamu katika nyumba inayosherehekea kuzaliwa kwa Krishna, mungu wa Wahindu, na kumpa Anarkali wimbo wa sherehe hiyo auimbe na kuucheza. Lilikuwa jambo la kusemwa mwaka 1960, na kwa ninavyoiona India ya leo bado ni la kusemwa.

Mwisho wa kisa utakuletea mabishano, na ujiandae. Anarkali anahukumiwa kuzikwa hai ukutani. Mama yake anamkumbusha Akbar ahadi ya zamani: siku Salim alipozaliwa yeye ndiye aliyeleta habari, akapewa pete na haki ya kuomba jambo moja. Mfalme anaitimiza ahadi kwa siri, binti anapitishwa njia ya chini kwa chini, anaishi uhamishoni, na Salim asijue kabisa. Picha inataka tumpende mfalme kwa huruma hiyo. Nilipokuwa mdogo nilimpenda. Sasa nikitizama naona huruma inayomtaka mwanamke atoweke akiwa hai ili jina la mtawala libaki safi, na mwanamume aliyempenda aombolezee ukuta mtupu. Simwambii bibi yako hivyo. Ila vijana wa kike hapo nyumbani watalisema, na wakilisema wapeni nafasi, kwa kuwa picha yenyewe imewapa hoja. Binti aliyeimba vile katikati ya vioo hakustahili njia ya chini kwa chini.

Kuhusu rangi, vijana wako wana haki, tena zaidi ya wanavyojua. Ile waliyoiona ni ya 2004, iliyotiwa rangi yote kwa kompyuta, sauti ikatengenezwa upya na picha ikapunguzwa kwa takriban dakika 20. Ni kweli K. Asif alitamani picha nzima iwe ya rangi, na wengine huitetea kazi ya 2004 kwa hoja hiyo. Mimi siipendi. Anarkali akiwa wa rangi tangu dakika ya kwanza, mlango wa ukumbi wa vioo ukifunguliwa hakuna kinachobadilika, na lile tukio linanyang'anywa nusu ya nguvu zake. Tafuta ile ya asili, nyeusi na nyeupe, yenye wimbo wa vioo na sehemu ya mwisho kwa rangi. Inakaribia saa tatu na dakika 17.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Anzeni mapema, baada ya isha, msingoje watoto wasinzie. Tumieni spika, sauti ya simu itaua kila kitu nilichokuambia. Simamisheni mara moja tu, miiba inapokwisha kupokewa, mpitishe kahawa na halua, na hapo mwombe bibi awaeleze vijana Bahar alikuwa akimaanisha nini. Atawaeleza vizuri kuliko mimi. Mtakapomwona Anarkali gerezani, waambie kwamba Madhubala alizaliwa na tundu moyoni, kwamba minyororo ile ilikuwa ya chuma kweli, na kwamba alifariki 1969 akiwa na miaka 36. Wakija kwenye vioo, zimeni taa zote, hata ya ukumbini. Na bibi akianza kuimba pamoja na Lata, mtu asiongeze sauti ya picha.